Mtu wa Kuumia

Katika misimu tisa niliyoandikishwa kuchezea klabu yetu hapa Maskati, msimu mmoja tu niliumaliza nikiwa mzima. Minane mingine ilinikatikia njiani, na mmoja kati ya hiyo ulikatika kabla haujaanza. Watu wa mpira wana jina lao kwa mchezaji wa namna hii. Wenzangu wa Kiarabu walisema zujaj, yaani kioo. Meneja wetu, mtu mpole asiyependa kumvunja mtu moyo, alisema tu, "Huyu ni mtu wa kuumia," kama vile mtu anavyosema huyu ni mtu wa mji wa Sur au huyu ni mtu wa Nizwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndivyo nilivyo, kwamba kuumia ndiko kwetu.

Nimezaliwa Unguja. Nililetwa Maskati nikiwa na miaka sita, mimi na dada yangu, pamoja na mama yetu aliyekuwa mjane. Ndugu zake waliotangulia walitutafutia nyumba mtaa wa Hail, karibu na bahari, wakati ambapo njia ya mtaani kwetu ilikuwa bado mchanga mtupu. Kiarabu nilikijulia skuli, na mpira niliujulia ufukweni, maji yakitoka na mchanga ukikaza. Sina jambo kubwa la kujisifia. Nilikuwa na mbio, na mguu wangu wa kulia ulijua kuutia mpira mbele ya goli. Nilipofika miaka kumi na tisa klabu ikanichukua, winga wa kulia.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Siku zile hata sisi tulioitwa wachezaji wa kulipwa tulikuwa na meza mahali fulani. Yangu ilikuwa katika ofisi moja ya serikali: nilipokea barua, nikazigonga muhuri, nikazipandisha ghorofani. Mchana nilirudi kula kwa mama, nikajinyoosha kidogo, na baada ya sala ya alasiri nilikwenda mazoezini. Siku yangu nzima ilikuwa ikiisubiri alasiri.

Kuumia kwangu kwa kwanza hakukuwa na kosa la mtu. Ilikuwa mechi yangu ya tatu. Mpira ulikuja juu, beki wao akaruka kuupiga kichwa, na alipotua alitua juu ya mguu wangu wa kushoto. Nilisikia mlio kama ukuni mkavu unapokanyagwa. Mifupa miwili ya juu ya unyayo ilikuwa imevunjika. Daktari akanitia plasta ngumu, akaniambia wiki sita za plasta na wiki sita nyingine kabla ya kukimbia.

Mama hakuamini mambo ya beki. Jioni ile ile alinikalia kitako pembeni mwa kitanda, kanga mabegani.

"Umepigwa jicho, baba."

"Mama, kaniangukia mtu."

"Nnajua kakuangukia mtu. Na nani kamwangusha hapo hapo juu ya mguu wako? Uwanja wote ule mkubwa."

Kesho yake akaenda kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akimjua tangu Unguja, akarudi na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikayeyushwa kwa maji ya waridi. Nikanywa. Nilikuwa tayari kunywa chochote.

Lililonishangaza halikuwa maumivu. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Wachezaji walikuja na matunda, wakaiandika plasta yangu majina yao yote kwa kalamu ya wino, wakacheka kwa sauti mpaka mama akawa anatoka jikoni kutazama. Wiki ya pili walikuja wawili. Wiki ya nne hakuja mtu. Nikaenda mwenyewe uwanjani na magongo yangu, nikakaa kwenye benchi kutazama mazoezi, na nikaona kwamba hawajui waniulize nini. Khabari ya mguu walikuwa wamekwisha kuiuliza. Walinipungia mkono, wakarudi kwenye mzunguko wao, na mzunguko ulikuwa umejifunga pale niliposimama mimi zamani. Hakuna aliyefanya ubaya. Timu ni kama maji, ukitoa mkono hapabaki shimo.

Daktari alikuwa amesema wiki kumi na mbili. Wiki ya nane nilikuwa nimevaa viatu vya mpira. Nilimwambia kocha kwamba hospitali wameniruhusu. Kocha wetu alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini, mwenye masharubu na maneno machache. Aliutazama mguu, akanitazama usoni, akanirushia jezi.

Unyayo ulishika. Lakini nilikuwa nikikimbia kwa khofu, uzito wote nimeutupia mguu wa kulia, na wiki ya tatu msuli wa nyuma ya paja la kulia ukakatika nikiwa peke yangu, hakuna mtu hata hatua kumi kutoka niliposimama. Ni kama kupigwa jiwe kwa nyuma. Niligeuka kabisa kutazama nani kanipiga.

Msuli ule ulinikatikia tena katika misimu iliyofuata. Mara zote hadithi ilikuwa moja. Naambiwa wiki sita, ninarudi baada ya tatu. Naambiwa nisipige mbio za mwisho, ninapiga. Katikati yake nikavunjika mfupa wa bega kwa kuanguka vibaya, nikatenguka kifundo cha mguu mara mbili. Waliokuwa wakinihurumia wakaanza kutania, na waliokuwa wakitania wakaanza kunyamaza, na huo ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Kocha alikuwa akitaja kikosi cha Alkhamisi, akifika kwenye namba yangu anasita, ananiangalia miguu kama mtu anayeangalia kama gari lina mafuta ya kumfikisha.

Nyuma yangu, upande huo huo wa kulia, alicheza beki mmoja ambaye hakukosa mechi. Wazee wake walikuwa Waomani wa Tabora, na yeye alizaliwa huko, akaletwa Maskati akiwa mkubwa kuliko nilivyoletwa mimi. Walikaa mtaa wa Ansab. Sisi wawili ndio tuliokuwa tukizungumza Kiswahili uwanjani, na kwa Kiswahili hicho tulielewana pale ambapo wengine hawakutuelewa: nikisema "nnakwenda," anajua nakata ndani, anapanda. Alikuwa akinicheka kwa hiyo "nna" yangu. Na mimi nilikuwa nikimcheka kwa lafudhi yake ya bara.

Walimwita mtu wa chuma. Nimemwona akipigwa kiwiko, anatema damu, anaendelea. Nimemwona akichezewa rafu ambayo mimi ningelala nayo wiki tano, akainuka, akajipangusa kaptura. Meneja alikuwa na mazoea ya kuniambia, kwa upole wake ule ule, "Mwangalie mwenzako. Nyinyi si watu wa kule kule? Hamkula chakula kimoja?"

Nilimwonea wivu, nakiri. Nilikuwa nikimtazama akifunga kamba za viatu nikajiuliza Mungu kamtia nini ambacho mimi kaninyima.

Mama alifariki mwaka wa tisini na sita, ghafla, kwa moyo, asubuhi, akiwa amekwisha kuniandalia chai. Wiki tatu kabla yake msuli wa paja ulikuwa umekatika kwa mara ya tatu, na huo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, paja lote limegeuka rangi ya biringani. Kwa hivyo siku ya mazishi sikuweza kumbeba. Nilijaribu. Nikaingiza bega chini ya jeneza, nikapiga hatua mbili, mguu ukakataa. Jeneza likayumba. Mtu wa chuma alikuwa nyuma yangu, akanisogeza taratibu kwa mkono mmoja, akaingia pale nilipokuwa.

"Tembea tu, ndugu yangu," akaniambia. "Mimi nipo."

Nikatembea nyuma ya mama yangu na gongo, nikiachwa kidogo kidogo na watu, mpaka nilipofika makaburini walikuwa wamekwisha kumteremsha.

Dada yangu alikuwa ameolewa mji wa Sohar, ana watoto wake. Alikaa nami mpaka arubaini, akanisihi niende nikakae kwao, nikakataa. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mpira. Akaondoka, na nyumba ya Hail nikabaki nayo mimi, vyumba vitatu na ua, na vitu vya mama katika mahali pake: birika, mbuzi ya nazi, msahafu wake wenye jalada la kijani. Saa iliyonitesa ilikuwa alasiri. Asubuhi kuna ofisi, jioni kuna msikiti na majirani. Lakini alasiri ni saa ya mazoezi, na kama huendi mazoezini, ni saa ya kukaa na mguu wako. Nilikuwa nikifungua redio kwa sauti kubwa, siisikilizi, ili mtu apitaye nje adhani kuna watu ndani.

Daktari alikuwa amesema miezi sita, lakini wiki nne baada ya dada kuondoka nilikuwa nimerudi uwanjani. Na baada ya siku tano paja likakatika tena.

Safari hii meneja hakuniuliza. Aliniandikia barua ya kwenda hospitali, kwa mtaalamu wa kuwarudishia watu viungo, ambaye sote tulimwita fizio. Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa Kenya, wa makamo, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu kuliko yangu. Aliposikia nikimjibu muuguzi kwa Kiarabu chenye harufu ya Unguja, alicheka.

"Kumbe wewe ni mtu wetu! Haya, lala kifudifudi. Hii paja imekatika mara ngapi?"

"Mara nne, dada."

"Ngapi? Paja moja?" Akalibonyeza. "Na wanasema nini huko kwenu?"

"Wanasema mimi ni mtu wa kuumia. Mwili wangu ndivyo ulivyo."

"Na wewe unasema nini?"

Nikamwambia kwamba marehemu mama yangu alisema jicho. Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa changu, nami bado nimelala kifudifudi nikitazama sakafu.

"Sikiza, kaka. Mambo ya jicho mimi siwezi kupima. Nataka uniambie kitu kingine. Anza ile siku ya kwanza kabisa. Kila mara uliumia, daktari alisema ukae muda gani, na wewe ulikaa muda gani? Na usinidanganye, maanake hii mguu yako itaniambia tu."

Nikaanza. Kumi na mbili, nikakaa nane. Sita, nikakaa tatu. Miezi sita, nikakaa mitatu. Kila niliposema sauti yangu ilipungua. Hata bega nililichezea kabla halijashika. Sikuwahi kuyapanga mambo hayo pamoja kabla ya siku ile, na yalivyojipanga, hata mtoto angeona.

"Ule mguu wa kwanza," akasema, "mtu akuangukie juu, hiyo ni bahati mbaya. Inaweza kupata mtu yeyote. Hizi zingine si bahati, na si mwili. Mwili wako ni mwili tu. Wewe si mtu wa kuumia, kaka. Wewe ni mtu wa kurudi mapema."

Kisha akaniuliza lile ambalo hakuna daktari, wala kocha, wala meneja aliyewahi kuniuliza.

"Sasa kwani huko kuna nini kinakuharakisha hivyo?"

Nilitaka kusema mapenzi ya mpira. Nilitaka kusema nafasi yangu itachukuliwa. Vyote vilikuwa na ukweli wake. Lakini nilikuwa nimelala kifudifudi, na mtu asiyetazamwa usoni husema yale asiyokusudia.

"Nyumbani kimya sana," nikamwambia.

Nikasikia akivuta pumzi. Yeye mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na watoto watatu Kisumu waliokuwa wakilelewa na bibi yao, na chumba cha wafanyakazi nyuma ya hospitali, mwaka wa sita sasa.

"Haya," akasema. "Basi utakuwa unakuja hapa hiyo saa ya mazoezi. Kila siku. Hata siku hatuna kazi na hiyo mguu."

Nilikwenda miezi mitano. Alinifundisha kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo nilidhani ni mchezo wa watoto mpaka nilipoanguka juu ya kabati. Alinifanyisha kuinua kisigino mara mia, kushuka ngazi polepole. Nilikuwa nikifikiri nina miguu yenye nguvu, kumbe nilikuwa na mguu mmoja wenye nguvu na mmoja uliokuwa ukiburutwa. Tulizungumza. Nilimletea kahawa na halua. Aliniambia mambo ya watoto wake, mkubwa amefaulu, mdogo hataki kuongea naye kwenye simu. Kocha alinitumia salamu mara mbili kuuliza lini. Mara zote mbili nikamjibu bado, nikaiweka simu chini haraka kabla sijabadili neno.

Niliporudi, mwaka wa tisini na saba, nilicheza msimu mzima. Mechi zote. Sikuwa na mbio za zamani, lakini nilikuwa na dakika tisini, na mtu wa chuma nyuma yangu. Siku ya mechi ya mwisho meneja alinikumbatia, akanishika mabega akaniangalia kama mtu anayemwona mgeni. "Kumbe," akasema, "nimekosea jina lako miaka yote." Nikaenda hospitali kumpa fizio khabari. Alipiga makofi peke yake katika kile chumba chenye vitanda vinne, wagonjwa wakageuka kututazama.

Ningependa hadithi iishie hapo. Ingekuwa na maana nzuri, mtu akarekebisha kosa lake na mwili ukamlipa. Mambo hayakuwa hivyo.

Msimu uliofuata, wiki ya pili ya mazoezi, tulikuwa tukikimbia polepole kuuzunguka uwanja ili kupasha miguu moto. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula vizuri, hakuna kiungo kilichokuwa kikiniuma. Majani yalikuwa yamekua. Kwenye kona ya kaskazini palikuwa na bomba la kunyunyizia maji ambalo kifuniko chake kilikuwa hakijarudi chini sawasawa, kimesimama juu kwa kiasi cha vidole vitatu, majani yamekificha. Watu kumi na wanane walipita pale. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa. Kisigino changu kilitua kwenye ukingo wake, goti likaenda upande na mwili ukaenda upande mwingine.

Nilipokuwa chini nilisikia mtu akisema kwa Kiarabu, si kwa ubaya, kwa kuchoka tu: "Yeye tena."

Kano la ndani ya goti lilikuwa limekatika kabisa, na jingine nusu. Walinifanyia upasuaji. Siku ya tatu fizio akaja wodini kutoka jengo lake, akasimama mwisho wa kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikaa muda wote," nikamwambia. "Dada, safari hii nilikaa muda wote ulionambia."

"Najua."

"Sasa watasema walijua."

"Watasema. Lakini wewe usiichanganye hii na zile." Akaushika unyayo wangu uliotoka nje ya shuka. "Zile zilikuwa zako. Hii si yako. Hii ni bomba."

Nimeishi na maneno hayo mpaka leo, na nimeyaona kuwa kweli, ingawa hayakunifariji kama alivyotaka. Ni rahisi zaidi kubeba kosa kuliko kubeba bomba. Kosa unaweza kulijutia, ukasema ningalifanya hivi na hivi. Bomba halikuachii pa kusimama. Mara nyingine, siri yangu, nilitamani ningekuwa nimerudi mapema safari ile, ili nijue nimekosa wapi.

Sikucheza tena. Hakuna aliyenifukuza. Barua ya klabu ilikuja baada ya miezi, ya heshima, nikaipokea ofisini katika lundo la barua nyingine na kuigonga muhuri kwa mazoea kabla sijajua ni yangu. Nikaenda kuchukua viatu vyangu siku ambayo timu imesafiri, kwa makusudi. Fizio mkataba wake uliisha mwaka wa elfu mbili na moja, akarudi kwao. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, na tuliagana kwa mkono kama watu wa ofisi. Kadi moja ilikuja Idi ile, kisha sikusikia tena.

Ofisini nilipandishwa cheo, nikapewa chumba. Nilipata mchumba kwa njia ya dada yangu na mambo hayakufika kwenye ndoa. Yeye alitaka watu wengi nyumbani, na mimi nilikuwa nimekwisha sahau namna ya kukaa na watu wengi. Alasiri zikaendelea kuwa alasiri. Nilipiga rangi nyumba. Nilipanda mpichi na mdimu. Mechi sikuzitazama, ila nilikuwa nikisoma gazetini, na kila nilipoona mchezaji wa Ulaya anaitwa dhaifu, anayeumia kila mwezi, mtu ambaye sitamwona maisha yangu, nilikuwa nikiirudia khabari ile mara mbili. Nilitaka kumwuliza yale maswali ya fizio. Ulikaa muda gani? Na nani anakungoja nyumbani?

Mwaka wa elfu mbili na tano nilikwenda hospitali kupigwa picha ya goti, kwa kuwa lilikuwa likivimba. Katika ukumbi wa kungojea nikaona mtu amekaa upande upande, nyonga moja haigusi kiti, bakora mbele yake. Mvi zimeingia ndevuni. Alininyanyulia mkono kabla sijamtambua.

"Nnakwenda," akasema, akiiga lafudhi yangu.

Mtu wa chuma. Hatukuwa tumeonana miaka minne. Yeye alicheza mpaka alipostaafu, wakampa mechi ya kumuaga na saa ya ukutani. Nikakaa pembeni yake. Nikamwuliza bakora ya nini.

"Nyonga imekwisha. Zote mbili, lakini ya kulia ndiyo imekufa. Daktari anasema mfupa unasaga mfupa. Na mgongo pia."

"Wewe? Lini umeumia?"

Akacheka kidogo, bila furaha.

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa naumia kila wiki. Nilikuwa sisemi tu."

Akaniambia yote pale pale, kwa sauti ndogo, watu wakiitwa namba zao kwa Kiarabu juu ya vichwa vyetu. Kulikuwa na mtu mmoja, nje ya klabu, aliyekuwa akimchoma sindano ya kuua maumivu kabla ya mechi. Alianza kuchomwa msimu wangu wa pili, alipopasuka msuli wa nyonga. Alikuwa na mke, watoto, na baba mgonjwa Ansab. Aliogopa kuitwa kama nilivyoitwa mimi. Kila alipochezewa rafu akanyanyuka, alikuwa akienda nyuma ya goli kujifanya anafunga kamba, kumbe anangoja macho yapate kuona tena.

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema.

"Mimi?"

"Wewe ulikuwa ukiumia, watu wanajua. Unalala chini, wanakuja na machela. Mimi miaka kumi nimeumia peke yangu. Hata mke wangu hakujua."

Nilitaka kumwambia kwamba wale watu wa machela wanakwenda zao baada ya wiki mbili. Sikumwambia. Tulikaa tukitazama ubao wa namba. Niliwaza kwamba miaka ile yote meneja alituangalia sisi wawili tukikimbia upande mmoja wa uwanja, akaona kioo na chuma, na sote wawili tulikuwa nyama na mifupa ya kawaida, mmoja anasema na mmoja hasemi. Sijui kama wapo watu walioumbwa kuumia. Huenda wapo. Mimi niliowajua walikuwa wamebanwa na kitu, au walikanyaga bomba, au yote mawili, na aliyewatazama kwa mbali hakuweza kujua lipi.

Wakaita namba yake kwanza. Nilimshika mkono kumwinua, akaniegemea kwa uzito wake wote, uzito mkubwa kuliko nilivyodhani.

Miezi michache baadaye alikwenda India kubadilishwa nyonga. Mkewe alikwenda naye, akarudi baada ya siku kumi kwa ajili ya watoto, yeye akabaki kwa mazoezi ya kutembea. Siku moja, saa kumi na kitu, nimekaa uani chini ya mpichi mchanga usiotoa kivuli hata cha paka, simu yangu ya mkononi ikalia, namba ndefu nisiyoijua.

"Ni mimi," akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za vyombo na watu wanaozungumza lugha ya huko. "Nipo wodini. Wananitembeza asubuhi tu. Sasa hivi hakuna mtu wa kuzungumza naye."

"Unaumwa?"

"Ninaumwa. Kidogo." Nikasikia kitanda chake kikilia. "Sana. Lakini si hilo. Zungumza tu. Chochote."

Nikamwambia ngoja. Nikaingia ndani nikazima redio, nikarudi kukaa. Nikamwambia kwamba joto limeanza mapema mwaka huu, kwamba wanaichimba tena barabara ya Hail, kwamba ofisini wametuletea viti vipya na vyote vinalia. Nikamwambia mdimu umetoa maua. Aliuliza mangapi, nikanyanyuka na simu sikioni nikaenda kuyahesabu. Alikuwa akisema "ehee" kila baada ya maneno machache, kisha "ehee" zikapungua, nami nikaendelea. Mpira hatukuutaja hata kidogo. Muadhini alipoadhini magharibi ndipo niliposikia pumzi zake zimekuwa nzito, amelala, nikaacha kusema lakini simu sikuikata.